Shajara ya mradi: tangi la samaki wa Tanganyika na mgawo wa umeme wa baridi, Fort Worth, Texas

1 Novemba: kazi inaanza

Tangi ni la galoni 55, lile la kawaida katika maduka ya Marekani: urefu sentimita 122, upana 33, kimo 53. Ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, maji yaliyomo ni lita 190 hivi. Samaki wote asili yao ni Ziwa Tanganyika. Juu kuna kundi la Cyprichromis leptosoma, kwenye nyufa za mawe kuna Julidochromis, na chini mchangani kuna ukoo wa Neolamprologus multifasciatus, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Tangi liko sebuleni, kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha.

Lengo ni kukaa saa 72 bila umeme, chumba kikishuka hadi nyuzi 10, asife samaki hata mmoja. (Vipimo vyote humu ni vya Selsiasi. Kwenye hita za huku, nyuzi 25 zimeandikwa 77.)

Saa 72 zina sababu. Usiku wa kuamkia 15 Februari 2021, ERCOT, chombo kinachosimamia gridi ya Texas, kilianza kukata umeme ili gridi nzima isianguke. Ulitarajiwa mgawo wa kuzunguka mtaa kwa mtaa, lakini nyumba nyingi zilikaa gizani siku mbili, tatu, na nyingine zaidi. Asubuhi ya tarehe 16 uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo haikuwa imeonekana hapo tangu 1949. Nyumba za huku nyingi zinapashwa joto kwa umeme, na hata zile za gesi huhitaji umeme kuzungusha feni. Umeme ukienda, joto la nyumba linaondoka nao. Februari 2023 kule Austin sababu ilikuwa nyingine, barafu ilivunja matawi yakaangukia nyaya, lakini kwa samaki matokeo ni yale yale.

Tangi likikosa umeme linashambuliwa na vitu vitatu, na vinakuja kwa zamu: kwanza kukosa hewa, kisha amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), mwisho baridi. Wengi huanzia mwisho. Wananunua betri kubwa ya kuendesha hita, huku samaki wakikosa pumzi saa chache tu baada ya taa kuzimika, maji yakiwa bado ya uvuguvugu.

Hesabu ya hewa ni hii. Maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni yanabeba miligramu 8.3 hivi kwa lita. Kwa lita 190 hiyo ni kama gramu 1.6 tu, na ndiyo akiba yote ya samaki, konokono na bakteria wa kichujio. Maji yakilala bila kutikiswa, hewa mpya inaingia kwa uso peke yake, tena polepole. Samaki wa ziwa hili ndio wenye kuumia zaidi. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu, linalokorogwa na upepo. Wanaoishi kwenye miamba ya Kigoma na Uvira wamezoea maji yanayopigwa na mawimbi mchana na usiku.

Baridi, kwa upande wake, inakuja taratibu na ina faida moja: maji ya nyuzi 20 yanabeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, na samaki aliyepoa anapumua kidogo. Kwa samaki hawa tumeweka mpaka wa nyuzi 20. Chini ya 18 hatutaki kufika.

2 Novemba: jaribio la kwanza, tangi bila kuvikwa

Hita imezimwa, kifuniko cha kioo kiko juu, pampu ya hewa inafanya kazi. Madirisha yalifunguliwa mpaka chumba kikatulia kwenye nyuzi 17. Kipimajoto kiliwekwa katikati ya kina, kwa sababu karibu na uso kinadanganya.

Saa 3 usiku: 25.4
Saa 7 usiku: 23.7
Saa 11 alfajiri: 22.4

Kupandisha lita 190 kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 221. Tangi limepoteza nyuzi 3 kwa saa 8, sawa na wati 83 kwa wastani. Ukigawa kwa tofauti ya joto kati ya maji na chumba, kila nyuzi moja ya tofauti inakula wati 12.

Sasa hamishia hesabu hiyo kwenye chumba cha nyuzi 10. Kulishika tangi kwenye 25 kunataka wati 180 mfululizo. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo bei yake si ndogo, ina wati-saa 1,280 hivi. Ingekwisha ndani ya saa saba, hata kabla hujahesabu zinazopotea kwenye inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ndiyo maana mradi huu hautaendesha hita kwa betri. Betri itasukuma hewa tu, na joto tutalihifadhi lile ambalo tayari limo ndani ya maji.

8 Novemba: mfumo wa hewa

Vifaa vilivyotumika:

- pampu ya hewa ya volti 12 DC, wati 5
- betri ya AGM (aina ya betri ya risasi iliyozibwa), volti 12, ampea-saa 35
- chaja ya kutunza betri, ampea 1.5, inayokaa imechomekwa wakati wote
- rilei ya gari (swichi inayojigeuza kwa umeme) ya miguu mitano, pamoja na soketi yake
- adapta ya ukutani ya volti 12, ampea 1
- fyuzi ya ampea 3 na kishikio chake
- waya wa shaba wa namba 18
- mpira wa hewa wa silikoni, mita 4
- vali tatu za kuzuia maji na hewa kurudi, na viungo vya T
- vichujio viwili vya sponji

Rilei ndiyo inayobadilisha njia yenyewe, hata kama nyumbani hakuna mtu. Adapta inachomekwa kwenye soketi ile ile ya tangi, nyaya zake zinaingia miguu ya 85 na 86. Chanya ya betri inapita kwenye fyuzi, halafu inaingia mguu wa 30. Pampu inachukua umeme kutoka mguu wa 87a, na hasi yake inarudi moja kwa moja kwenye betri. Umeme wa ukutani ukiwepo, rilei inavuta na 87a inakuwa wazi, pampu imelala. Umeme ukikatika, rilei inaachia na pampu inaanza papo hapo. Hakuna waya wa volti 120 unaoguswa kwa mkono, na hilo ndilo lililotufanya tuchague rilei ya gari badala ya ile ya koili ya umeme wa nyumba.

Uzuri mwingine ni kwamba kikiharibika kitu, kinaharibikia upande wa hewa. Adapta ikifa, pampu inawaka. Soketi ya usalama ikijikata kwa sababu ya unyevu, pampu inawaka. Lakini soketi ikijikata, chaja na hita navyo vimekufa. Ukisikia pampu hii ya betri inaunguruma huku taa za nyumba zinawaka, nenda kaangalie soketi siku hiyo hiyo.

Fyuzi iwe ndani ya sentimita 15 kutoka chanya ya betri. Waya ukichunika karibu na betri bila fyuzi, betri ya AGM inaweza kuuyeyusha. Nyaya zote zimeachwa zining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Kwa nini hatukutumia UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta? Ile ndogo ya VA 600 kwa kawaida ina betri ya ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, na sehemu kubwa inaliwa na inveta yake yenyewe. Pia nyingi za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, ambalo linaifanya pampu ya AC ingurume na kupata moto. Kwa kompyuta dakika kumi zinatosha, lakini sisi tunatafuta siku tatu.

Betri ya AGM ina wati-saa 420. Haipendezi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo tuna 210, ambazo kwa pampu ya wati 5 ni saa 42. Hazifiki 72. Pengo linazibwa na pampu ndogo ya USB ya wati 1.5 na pawabenki ya mAh 20,000. Namba hiyo inahesabiwa kwa volti 3.7 za ndani, yaani wati-saa 74, na baada ya kupandishwa hadi volti 5 zinabaki kama 60. Hizo ni saa 40 nyingine.

9 Novemba: yaliyokwenda vibaya

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kiungo cha T. Pampu ya kila siku na pampu ya betri zote zinaingia kwenye sponji zile zile, na ni lazima iwe hivyo, kwa sababu sponji inayosubiri dharura bila kupitisha maji haina bakteria wa maana. Tulipozima umeme, pampu ya betri ilinguruma vizuri lakini sponji zilitoa mapovu machache tu, moja moja. Hewa ilikuwa inatorokea kwenye pampu iliyolala, kupitia vali zake za ndani. Kila tawi la T linahitaji vali yake ya kuzuia kurudi. Baada ya kuziweka, sponji zote mbili zikachemka.

Kosa la pili lingeweza kumwaga maji kwenye betri. Vali ya tatu, iliyo kwenye mpira mkuu, iliwekwa kinyume. Pampu ziko chini, ndani ya kabati, na zikisimama zote mpira unaanza kuvuta maji kama mrija. Vali ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: upande unaopitisha pumzi ndio unaotazama pampu. Ukiweza kuipandisha pampu juu ya usawa wa maji, fanya hivyo hata kama una vali, kwa kuwa chembe moja ya chokaa inatosha kuizuia isifunge.

La tatu ni pawabenki. Pawabenki nyingi hujizima zikiona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, zikidhani simu imejaa. Pampu ya wati 1.5 inavuta miliampea 300, na yetu ilivumilia usiku kucha. Pampu ya wati 0.5 ilizimwa baada ya muda mfupi. Jaribu kwa usiku mzima, usijaribu kwa dakika tano.

Na pampu ya USB haina nguvu ya kina. Kwenye sentimita 45 ilitoa mapovu kwa tabu. Jiwe la hewa lilipopandishwa hadi sentimita 20, uso wa maji ulitikisika vizuri, na kutikisika kwa uso ndiko kunakoingiza oksijeni.

15 Novemba: kulivika tangi

Umenunuliwa ubao mmoja wa foamu ngumu ya XPS, ile ya rangi ya waridi au buluu inayouzwa kwenye maduka ya ujenzi, unene wa inchi 1, ukubwa wa futi 4 kwa 8. Ubao mmoja unatosha tangi zima. Ukilala kwa upana wake wa inchi 48, kata kipande cha mbele cha inchi 22, cha nyuma 22 na cha juu 15. Kwenye baki linalobakia toa vipande viwili vya ubavuni vya inchi 15 kwa 22. Ubavu ni 15, si 13, kwa sababu lazima ufunike pia unene wa foamu ya mbele na ya nyuma.

Kisu cha kukatia makatoni kiwe na wembe mpya. Wembe butu unang'oa punje na ukingo haukai sawa. Chora mstari, pitisha mara mbili kwa kina cha nusu, kisha livunje kwenye ukingo wa meza.

Tangi linaloitwa la inchi 48 lina urefu wa 48 na robo ukipima na fremu ya plastiki. Kwa hiyo ubao unabakiza ufa wa milimita 6. Tena fremu imetokeza kuliko kioo, kwa hiyo nyuma ya foamu kuna nafasi ya hewa. Nafasi hiyo ikizibwa juu na chini, inasaidia kuhami. Ikiachwa wazi, inakuwa bomba la moshi: hewa baridi inaingia chini, inapashwa na kioo, inatoka juu na joto lako. Tumeziba kwa utepe wa gundi juu na taulo lililokunjwa chini. Vipande vinashikwa na mikanda miwili ya kufungia mizigo, haikukazwa sana.

Kipande cha juu kina pengo la sentimita 3 kwenye kona ya nyuma. Hewa inayosukumwa na pampu lazima itoke, na samaki lazima wapate hewa mpya. Wasiwasi kwamba mapovu yatalipoza tangi hauna uzito: kwa lita 2 za hewa kwa dakika, joto linalobebwa na mvuke ni kama wati 1 na nusu.

XPS inashika moto upesi. Mshumaa usikae karibu nayo hata kidogo, tumia tochi.

16 Novemba: jaribio la pili, tangi limevikwa

Masharti ni yale yale, chumba nyuzi 17.

Saa 3 usiku: 25.4
Saa 11 alfajiri: 24.4

Nyuzi moja badala ya tatu. Upotevu umeshuka kutoka wati 12 hadi 3.5 kwa kila nyuzi ya tofauti. Katika chumba cha nyuzi 10, tangi lisilovikwa lingetoka 25 hadi 20 kwa saa 7 hivi. Lililovikwa litachukua saa 25. Ubao mmoja wa foamu umefanya kazi ambayo betri ya lithiamu isingeifanya.

Hata hivyo saa 25 si 72. Likiachwa tu, siku ya tatu lingekuwa karibu nyuzi 15. Joto kidogo la kuongeza linahitajika.

22 Novemba: chupa za maji moto

Chupa za soda za lita 2, tisa, zimebanduliwa karatasi na gundi, zimeoshwa bila sabuni. Zikijazwa maji ya nyuzi 65 na kuachwa zipoe hadi joto la tangi, kila moja inatoa wati-saa 100 hivi, yaani inapandisha tangi lote kwa karibu nusu nyuzi. Kulishika tangi kwenye 21 katika chumba cha nyuzi 10 kunataka wati 38, ambazo kwa siku ni chupa tisa: tatu kila baada ya saa nane. Kazi hiyo inawezekana hata kwa mtu mmoja aliyechoka.

Usivuke nyuzi 65. Plastiki ya chupa hizi huanza kulegea karibu na 70, inajikunja na kifuniko kinavuja. Chupa tatu zinasukuma juu lita 6 za maji, kwa hiyo punguza maji kwanza, la sivyo yatamwagika kwenye foamu na sakafuni. Na kabla ya kupunguza maji, chomoa hita. Hita ya kioo iliyobaki nje ya maji umeme ukirudi usiku inapata moto na kupasuka. Chupa zinaelea, kwa hiyo zisimamishe kwenye kona na uzibane na fremu, mbali na mawe ya Julidochromis. Ukimwangushia jiwe aliyetaga, unapoteza kizazi chote.

Maji moto yatoke wapi? Hita ya maji ya nyumba ya gesi, ile ya pipa yenye moto mdogo unaowaka wakati wote, haihitaji umeme na inaendelea kutoa maji ya nyuzi 49 hivi. Ya umeme nayo inabaki na joto kwa saa nyingi baada ya kukatika. Kwa maji ya 49, chupa tisa zinakuwa kumi na nne kwa siku. Jiko la gesi la jikoni mara nyingi linawashwa kwa kiberiti, bora upashe maji tu na uzime, usilitumie kupasha nyumba.

Mkaa hapana. Jiko la mkaa ambalo Uvira au Kigoma linawashwa uani, huku likiingizwa sebuleni kwenye nyumba iliyozibwa madirisha linaua familia nzima usingizini. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu. Februari 2021 watu walikufa hivyo Texas, kwa majiko ya mkaa ndani na kwa magari yaliyowashwa kwenye gereji. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote. Hakuna samaki wa thamani hiyo.

29 na 30 Novemba: jaribio la saa 24

Umeme wa tangi umekatwa Jumamosi saa 1 asubuhi, joto la nyumba limezimwa, chumba kimeshuka kutoka nyuzi 20 hadi 13. Chakula kilisimamishwa tangu Alhamisi. Samaki wazima wenye afya wanakaa wiki bila kula, na asiyekula anatoa amonia kidogo na kuvuta oksijeni kidogo.

Mwanzo: 25.2
Baada ya saa 16: 22.9, chupa tatu zimeingia
Saa moja na nusu baadaye: 24.0
Baada ya saa 24: 23.0

Betri ilianza na volti 12.8, ikaishia 12.4. Amonia sifuri, kwa sababu sponji hazikusimama hata dakika moja.

Cyprichromis walishuka hadi katikati ya kina na kutulia. Multifasciatus walibaki kila mmoja mdomoni mwa kombe lake, mapezi ya ubavuni yakipunga polepole, na mmoja aliendelea kutema mchanga nje ya kombe funda kwa funda kama siku zote. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia. Wakiacha makombe na kupanda juu, ujue oksijeni imekwisha, hata kama kipimajoto kinasoma vizuri.

Amonia inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndipo tangi la Tanganyika linapotofautiana na matangi mengine. Amonia ipo kwa sura mbili majini, moja ya sumu kali na nyingine ya sumu ndogo, na pH, kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwa nyuzi 25 na pH 7, sehemu ya sumu ni chini ya asilimia 1. Kwa pH 8.6 ya tangi hili ni kama asilimia 18. Kipimo cha matone kikisoma 0.5, kwenye tangi la pH 7 unaweza kulala. Hapa ni miligramu 0.09 za sumu kwa lita, na hiyo inachoma matamvua. Baridi inapunguza sumu hiyo kidogo, na ni sababu nyingine ya kutokimbilia kupasha.

7 Desemba: umeme unaporudi

Hatari kubwa imejificha kwenye kichujio cha nje cha mkebe. Umeme ukikatika, maji yaliyofungiwa ndani yanaishiwa oksijeni ndani ya saa moja au mbili. Bakteria wazuri wanakufa, wale wanaoozesha wanachukua nafasi. Umeme ukirudi usiku nawe umelala, mkebe unasukuma uchafu huo wote tangini kwa dakika moja. Watu wengi huwapoteza samaki saa hii, baada ya kuwa wamevuka dhoruba yenyewe salama.

Kwa hiyo mkebe uchomolewe umeme ukikatika tu. Ukisimama zaidi ya saa mbili, ufungue, mwaga maji yake chooni, suuza sponji na mawe yake ndani ya ndoo ya maji ya tangi. Ukinusa harufu ya mayai yaliyooza, vilivyomo visirudi tangini bila kusuuzwa mara tatu. Ukiweza, toa vilivyomo mapema, viweke kwenye mfuko wa wavu na uvining'inize juu ya mapovu ya sponji. Huko bakteria wanaendelea kuishi.

Umeme wa siku za dhoruba hurudi na kukatika tena. Subiri dakika 30 za umeme usiotetereka ndipo uchomeke mkebe. Hita ya wati 200 haiwezi kulipandisha tangi hili zaidi ya nyuzi 0.9 kwa saa, kwa hiyo haina haja ya kuogopwa, mradi maji yamerudishwa hadi mstari wake.

14 Desemba: ndoo na karatasi

Ndoo mbili za lita 19 zimejazwa, maji yametibiwa na kuwekewa chumvi za Tanganyika, pH 8.6. Februari 2021 zaidi ya watu milioni 14 Texas walipata matatizo ya maji ya bomba, na maji ya Fort Worth na Dallas yana kloramini, dawa ya kuua vijidudu ambayo haitoki kwa kuyaacha ndoo wazi usiku mmoja. Ukiyamwaga maji ya nyuzi 10 yote 38 kwa mpigo, tangi linashuka karibu nyuzi 3, hivyo ni lita 4 kwa wakati.

Karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kabati, kwa yeyote atakayekuwepo:

1. Umeme umekatika: sikia pampu ya betri, tazama sponji zote mbili zinatoa mapovu.
2. Chomoa hita, mkebe na taa. Acha adapta na chaja.
3. Vika foamu, mbele mwisho. Usilishe.
4. Saa 12 za kwanza usifungue juu, tumia tochi kuchungulia.
5. Chini ya nyuzi 22: toa lita 6, weka chupa tatu za nyuzi 65. Rudia kila saa 8.
6. Kila siku: pima amonia. Ikifika 0.25, dawa ya kufunga amonia kwa lita 190, kisha maji ya ndoo lita 4 kwa lita 4.
7. Betri ikifika volti 12.1: hamia pampu ya USB, jiwe kwenye sentimita 20.

Betri imetolewa gereji na kuwekwa ndani ya kabati la tangi, kwani kwenye sifuri AGM hupoteza kama sehemu moja ya tano ya uwezo wake. Lithiamu ingekuwa na shida kubwa zaidi, haipaswi kuchajiwa kabisa chini ya sifuri.

Kimebaki kimoja. Kipande cha mpira kati ya pampu ya USB na jiwe bado ni cha plastiki ya kawaida, ambayo kwenye nyuzi 12 ilikuwa ngumu na ikachomoka mara moja kwenye pua ya pampu. Silikoni ya mita 1 imeagizwa. Betri itajaribiwa tena 10 Januari kwa mzigo wa saa 12, na ikishuka chini ya volti 12.5 itabadilishwa kabla ya Februari.